Tukiwaambia Bati Linavuja, Liandikeni: Barua ya Wazi kwa Wenye Ploti wa Kathiani

Kwa wenye nyumba za kupangisha mjini Kathiani na viunga vyake, pamoja na makeateka wanaowashikia kazi.



Mimi ni mpangaji. Ninafundisha Kiswahili, na huu ni mwaka wangu wa saba katika ploti za hapa, chumba cha tatu sasa. Kodi nimelipa kila mwezi kabla ya tarehe 5, na mwezi ambao mshahara ulichelewa nilimpigia mwenye nyumba mapema tukaelewana. Natanguliza hayo ili mjue anayewaandikia hana deni wala ugomvi na yeyote kati yenu. Nina jambo moja tu, nalo linatuumiza nyinyi na sisi kwa pamoja: tukiwaambia kitu kimeharibika, neno letu hupotelea njiani.

Nianze na bati.

Novemba ya mwaka juzi, juu ya kitanda changu, dari ilitokeza doa. Mwanzoni lilikuwa na upana wa kifuniko cha sufuria ndogo, rangi yake kama chai isiyo na maziwa. Nilipanda juu ya meza nikalibonyeza kwa kidole. Ubao ulikuwa umelowa, ukabonyea kama mkate uliochovywa. Asubuhi nikamwambia keateka, naye akanijibu vizuri tu, "Nimesikia, mwalimu, nitamwambia mzee." Mvua ikaja tena, doa likawa sinia. Nikamwambia mara ya pili tukiwa kwenye bomba, yeye akiwa amebeba mitungi miwili. Mara ya tatu nilimwachia mkewe ujumbe kwa sababu mwenyewe alikuwa ameenda soko la Tala. Usiku wa mvua ya nne dari ikaja chini. Haikuniangukia kwa kuwa nilikuwa nimeshasogeza kitanda, lakini iliangukia meza iliyokuwa na insha za darasa zima, na maji yaliyokuwa yametuama juu ya dari yakateremka na ukuta hadi kwenye soketi. Niliisikia ikitoa sauti kama ya kitunguu kinachotiwa kwenye mafuta ya moto. Nikazima swichi kubwa kwa mpini wa ufagio, nikaenda kulala kwa jirani.

Fundi alipopanda siku mbili baadaye alinishushia misumari mitatu. Vile vipira vidogo vinavyokaa chini ya kichwa cha msumari wa bati ili kuzuia maji vilikuwa vimekauka na kupasuka kwa jua. Matundu matatu, basi. Alisema angeitwa siku ya doa, angetia misumari mipya na lami kidogo kwa nusu saa, na angeondoka na Sh800. Sasa zilihitajika mbao za dari, waya, soketi, rangi, na siku mbili za mafundi wawili. Hesabu ilipita Sh14,000.

Mwenye nyumba alikuja Jumamosi kutoka Nairobi. Ni mtu mwema. Nimeishi kwake bila kuonewa. Alisimama mlangoni akatazama juu, kisha akaniuliza kwa uchungu wa kweli, "Mwalimu, mbona hukusema?" Nikamwambia nilisema mara tatu. Keateka akaapa kwamba alimpigia kijana wa mzee. Kijana akakubali alipigiwa, lakini alichoambiwa ni kwamba kuna mpangaji analalamika. Analalamika kuhusu nini, hakuambiwa, naye hakuuliza.

Sote wanne tulikuwa tunasema kweli.

Neno lililonikaa moyoni ni hilo la kulalamika. Mimi nilikuwa nimetoa taarifa: mahali ni juu ya kitanda, ukubwa ni kiasi hiki, unaongezeka kila mvua inaponyesha. Ilipopita midomo miwili taarifa ilikuwa imekwisha kuyeyuka na kilichobaki ni hasira, tena hasira ambayo sikuwa nayo. Mtu anayelalamika huvumiliwa hadi anyamaze. Mtu anayearifu hujibiwa. Ninyi mkipokea kila ujumbe wetu kama malalamiko, mtatuvumilia vizuri sana huku mali yenu ikioza.

Na mpangaji ndiye jicho la pekee mlilo nalo ndani ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba yuko Nairobi au Athi River au shambani kwake Mitaboni. Keateka hukaa getini. Anayelala chini ya bati, anayesikia bomba likidondosha saa nane usiku, anayeona ufa wa ukuta umepita fremu ya dirisha wakati mwezi jana ulikuwa haujaifikia, ni sisi. Na huduma hiyo hatuwatozi.

Watu wa hapa hawana haja ya kufundishwa ukarabati na mtu yeyote. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliitazama nchi hii ya Machakos wakaona inakwisha kwa mmomonyoko. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao uliofuatilia Machakos tangu 1930 hadi 1990, wakaonyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano na bado udongo ukawa unatunzwa vizuri kuliko zamani. Kilichofanya kazi hiyo ni matuta, mengi yakichimbwa na vikundi vya kusaidiana kazi, mwethya. Tuta la fanya juu kila mtu wa hapa analijua: unachimba mtaro kukingama mteremko, udongo unaurusha upande wa juu. Lakini tuta halichimbwi likaachwa. Mvua moja kubwa ikibomoa ukingo na usiuzibe wiki hiyo, maji ya mvua inayofuata yatapita palepale, yabebe na tuta la chini, la jirani yako. Ndiyo maana anayepita na kuona ukingo umebomoka humwambia mwenye shamba siku ileile. Sijawahi kusikia mwenye shamba akimjibu kwamba analalamika. Huchukua jembe akatoka.

Kwa nini basi bati halipewi heshima ya tuta?

Nimefikiri sana jibu lake, na nadhani sehemu kubwa ni jinsi tulivyompanga keateka. Katika ploti nyingi nilizozijua, keateka analipwa kwa chumba cha bure na pesa kidogo. Anakusanya kodi, anafagia uwanja, anafungulia maji, anatuliza ugomvi wa muziki. Lakini hana ruhusa ya kutoa hata Sh100 kununua mpira wa bomba. Kila kitu lazima apige simu, na simu yenyewe anapiga kwa salio lake. Akipiga mara mbili akajibiwa kwa ukali kwamba anapenda kuomba pesa, mara ya tatu hapigi. Mimi sikuweza kumlaumu keateka wetu nilipojua hayo. Mwachieni keateka kiasi fulani kila mwezi kutoka kwenye kodi, hata Sh2,000, anunue vitu vidogo na aonyeshe risiti. Bomba linalodondosha Kathiani wakati wa kiangazi, wakati tunanunua maji kwa mtungi, si kitu cha kungoja mashauri ya familia.

Sehemu nyingine ni woga wetu. Jirani yangu, mama wa watoto watatu, alikaa miezi minne na mlango ambao kitasa chake kilikuwa kimekatika. Kila usiku aliusukumia mtungi wa lita 20 uliojaa maji, na juu ya mtungi akaweka sufuria, ili mtu akisukuma mlango sufuria ianguke na kumwamsha. Nilipomuuliza kwa nini hasemi, alinijibu, "Nikisema nitaongezewa kodi." Katika ploti aliyotoka aliwahi kusema juu ya bomba, bomba likatengenezwa, na mwezi uliofuata kodi ikapanda kwa Sh300. Wengine huambiwa lile neno ambalo kila mpangaji wa Kenya amewahi kulisikia: kama nyumba imekushinda, hama. Mwenye nyumba anayesema hivyo hudhani amemnyamazisha msumbufu mmoja. Ukweli ni kwamba amenyamazisha milango yote ya ploti, na kuanzia siku hiyo hataambiwa kitu mpaka kianguke.

Wazee wangu, sheria haituachi hivyo, na ni vizuri tuijue sote. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inaingiza ahadi za mwenye nyumba ndani ya mkataba wa kupangisha hata kama hamkuzitaja mlipoelewana. Chumba kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kiendelee kufaa muda wote anapokaa. Na pale mtu anapopanga sehemu tu ya jengo, kama tulivyo sisi wa ploti, paa, kuta kuu za nje, mitaro mikuu ya maji machafu na sehemu tunazotumia pamoja ni juu ya mwenye nyumba kuzitengeneza. Nasi tuna wajibu wetu: kulipa kodi, kutunza chumba, kutoharibu.

Pia ipo ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, yenye baraza lake la kusikiliza kesi za wapangaji na wenye nyumba. Inagusa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Katika ploti yetu vyumba vya nyuma ni Sh2,300 na vya mbele, changu kikiwa kati yake, ni Sh3,500. Bati ni lile lile, limeenda moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma. Jirani yangu anaweza kulipeleka tundu lake mbele ya baraza hilo. Mimi tundu langu, hatua mbili tu kutoka lake, siwezi. Naliona hilo kuwa kasoro kubwa ya kiwango kilichowekwa zamani na kisichopandishwa, na wabunge wetu wanapaswa kuliangalia.

Kwa mambo ya afya, kama choo kinachofurika, maji machafu yanayotuama au ukuta ulioota ukungu, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa afisa wa afya uwezo wa kumwandikia mwenye nyumba notisi aiondoe kero hiyo kwa muda aliomwekea. Sisemi haya kuwatisha. Mambo yakifika kwa afisa au kwa chifu huwa yameshachacha, na mpangaji huwa ameshaanza kufungasha. Ninasema kwa sababu njia fupi kuliko zote bado iko mikononi mwenu.

Mnaodhani ukungu ni uchafu wa mpangaji, nawaomba mlisikie jina la mtoto mmoja. Awaab Ishak alifariki Desemba 2020 katika mji wa Rochdale, Uingereza, akiwa na miaka miwili. Wazazi wake walitoka Sudan. Uchunguzi wa kifo chake uliomalizika Novemba 2022 ulieleza kwamba alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu kwenye ukungu wa nyumba ya kupanga. Baba yake alikuwa ametoa taarifa ya ukungu huo tangu 2017, akaambiwa aupake rangi. Taarifa ilikuwapo. Aliyepaswa kuipokea hakuipokea inavyostahili. Leo Uingereza ina sheria inayoitwa kwa jina la mtoto huyo, iliyoanza kutumika Oktoba 2025 katika nyumba za kijamii: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na hatari kubwa nyingine ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Kathiani haina ukungu wa Rochdale kwa hali ya hewa, lakini chumba kinachovuja vuli nzima, chenye dirisha moja na jiko la makaa ndani, kinatosha kabisa kumkohoza mtoto.

Sasa nije kwenu, maana najua mna hesabu zenu. Mwenye vyumba 10 vya Sh3,000, vyote vikiwa na watu mwaka mzima, anapokea Sh360,000. Hapo ameshaingia kwenye ushuru wa mapato ya kupangisha, unaoanzia Sh288,000 kwa mwaka. Tangu Januari 2024 kiwango ni asilimia 7.5, kimeshuka kutoka 10, lakini kinakatwa kwenye pesa zote zilizoingia, pasipo kuondoa hata msumari mlionunua. Kwake ni Sh27,000. Ongeza mkopo wa sacco aliojengea, ongeza mpangaji aliyehama usiku na deni la miezi miwili. Naelewa mkono unavyokuwa mzito. Sheria hiyohiyo ya ushuru inamruhusu mwenye nyumba kumwandikia kamishna kwamba anachagua utaratibu wa kawaida wa ushuru, ambao unamwezesha kutoa gharama zake kwanza. Lakini gharama bila risiti na tarehe hakuna wa kuzikubali. Waliotutangulia walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Najua pia sisi tunaharibu. Kuna anayetumbukiza nepi chooni, anayemwaga mafuta ya kukaangia kwenye sinki, anayechomeka jiko la koili kwenye waya ambao haukuwekwa kwa kazi hiyo. Bomba linapoziba kila mlango unakana. Tukiharibu tulipe. Ila mtajuaje nani aliharibu nini na lini, kama hakuna palipoandikwa?

Katika ploti yetu, baada ya kisa cha dari, mwenye nyumba alikubali tujaribu kitu kimoja. Januari mwaka jana alinunua daftari kubwa la kaunta, likawekwa kwa keateka, na kalamu ikafungwa kwa uzi. Anayeona kitu huandika tarehe, namba ya mlango na kilichoharibika. Keateka hutia sahihi, hupiga picha ukurasa na kumtumia mzee kwa simu. Mzee hujibu siku fundi atakapokuja, na jibu lake huandikwa mbele ya taarifa. Fundi akimaliza, huandika alichofanya na bei. Asiyejua kuandika huandikiwa. Vitu visivyongoja tulikubaliana tangu mwanzo kuwa ni vya siku hiyohiyo: waya unaotoa cheche, mlango usiofunga, choo kilichofurika, ufa unaopanuka.

Wapangaji ilibidi tujifunze kuandika vizuri. Wa kwanza aliandika "bomba bovu", na fundi akaja bila kifaa kinachofaa akarudi mjini. Siku hizi mtu huandika hivi: "Mlango 6. Bomba la bafu linadondosha hata likifungwa. Debe linajaa kutoka saa tatu usiku hadi asubuhi." Fundi akisoma hayo anatoka dukani na mpira mfukoni.

Taarifa ya tatu katika daftari hilo ni ya kitasa cha jirani yangu. Aliiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, baada ya mzee kutuhakikishia mbele ya wote kwamba kodi haitapanda kwa sababu ya taarifa. Kitasa kilifungwa jioni ileile. Taarifa ya tisa ni ya nepi, na aliyeitumbukiza alilipa mwenyewe, kwa sababu tarehe na mlango vilionyesha. Na mpangaji wa mlango wa 2 alipohama Agosti, dipoziti yake ilirudi yote bila mabishano. Ukuta aliodaiwa kuharibu ulikuwa umeandikwa na kupigwa picha wiki aliyoingia. Mnajua ni watu wangapi hapa Kathiani, wauguzi, walimu na vibarua, wamepoteza dipoziti nzima kwa ukuta walioukuta hivyo.

Ninachowaomba ni hicho. Kila ploti iwe na daftari. Keateka awe na pesa kidogo ya vitu vidogo. Mpangaji anayetoa taarifa asiguswe kodi yake kwa ajili hiyo wala asiambiwe ahame. Na kila taarifa ijibiwe kwa tarehe, hata kama jibu ni kwamba pesa zitapatikana mwisho wa mwezi. Mtu akijua fundi anakuja tarehe 30 anaweza kuweka beseni chini ya tundu akavumilia. Kinachomvunja moyo ni kimya.

Mvua za vuli ndizo tunazozitegemea Ukambani kuliko za masika, na zinaanza Oktoba. Pandisheni fundi juu ya mabati kabla hazijafika, aguse msumari mmoja mmoja, asafishe mifereji, aangalie vipira. Na kabla hajateremka, muulizeni mpangaji wa kila mlango ni wapi palipovuja mwaka jana. Anapajua.

Wenu kwa heshima,

Mpangaji wa mlango wa 5,
Kathiani.